Maswali ya Wasomaji: Chembe mbili ndani ya gesi baridi

SWALI: Nasoma fizikia Mlimani. Ninaiga kwa kompyuta, kwa mlinganyo wa Gross-Pitaevskii (unaoichukua gesi nzima kama wimbi moja), chembe ngeni mbili zilizotulia ndani ya gesi ya rubidiamu-87 iliyopoozwa hadi nanokelvini. Nimetoa nishati ya gesi tupu, lakini grafu ya nishati kwa umbali haifiki sifuri hata nikizitenganisha mikromita 3. Tena zinavutana, ilhali zote zinaisukuma gesi! Nimekosea wapi?
Msomaji, Sinza

JIBU: Kuvutana ni sahihi. Kila chembe huchimba kishimo katika gesi, na mwenzake hupata nafuu akiingia palipokwisha kupungua gesi. Ni kitanda cha kamba kilicholegea: mkilala wawili, mtakutana katikati tu. Ingekuwa moja inaivuta gesi na nyingine inaisukuma, zingekimbiana.

Kosa liko kwenye kutoa. Ukiondoa gesi tupu pekee, inabaki gharama ya kila chembe kukaa humo peke yake, na hiyo haijali umbali. Piga hesabu tatu kwa gridi ileile (nukta ambazo kompyuta hupigia hesabu): chembe mbili, moja, na bila chembe. Chukua ya kwanza, toa ya pili mara mbili, ongeza ya tatu. Mabaki ni madogo mno, kwa hiyo usisimamishe programu nishati ikitulia kwenye tarakimu ya 4. Ngoja ya 10 hivi. Na uhifadhi faili mara kwa mara, umeme haubishi hodi ukiondoka.

Ukiwa na atomu 10¹⁴ kwa sentimita ya ujazo, na urefu wa mtawanyiko (kipimo cha jinsi atomu zinavyosukumana) wa nanomita 5.3, gesi iliyochimbwa hurudia hali yake ya kawaida ndani ya mikromita 0.27. Hatua ya gridi (nafasi kati ya nukta) ya mikromita 0.08 inatosha, nukta 128 kila upande ni boksi la mikromita 10. Kutoka umbali wa 0.2 hadi 1, mvuto hushuka chini ya asilimia 1 ya ulivyokuwa. Mkia wako wa mikromita 3 si fizikia.

Grafu ikibaki juu kidogo ya sifuri hata baada ya hapo, umefunga idadi ya atomu: zilizosukumwa hazina pa kwenda, zinabana boksi zima. Shikilia potensheli ya kemikali (nishati ya kuongeza atomu moja) badala yake, na katika kila nishati toa potensheli hiyo mara idadi ya atomu. Umbali wa chembe pia usizidi nusu ya boksi, maana kwa mbinu ya Fourier (ya kuigawa gesi kuwa mawimbi) boksi hujirudia: chembe zilizoachana mikromita 6 zina jirani mwingine kwa nyuma, mikromita 4 tu.

Chembe usiiweke kwenye nukta moja ya gridi, jibu litabadilika kila ukibadili hatua. Ipe umbo la kengele lenye upana wa hatua 3 za sasa, yaani mikromita 0.24, na uuache hivyo hata ukibadili hatua. Karibu na mwangwi wa Feshbach (pale uga wa sumaku unapofanya atomu ziathiriane kwa nguvu mno) mbinu hii haifai kabisa.