Nywele zinanitoka, Bibi

Wengi mliouliza mnataka nikutajieni mafuta. Mimi kabla ya mafuta nauliza mawili: zinatoka sehemu gani ya kichwa, na zilianza lini? Nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida, hata kwa mwenye kichwa kilichojaa. Zikizidi hapo kwa wiki kadhaa, pana sababu.

Shikamoo Bibi. Nina mtoto wa miezi minne. Nikichana, kitana kinajaa nywele, na nikioga shimo la maji linaziba. Mama mkwe anasema ni jicho la watu. (Mzazi, Wete)

Marahaba mwanangu, na hongera. Ulipokuwa na mimba, homoni zilizizuia nywele ambazo zingedondoka kidogo kidogo. Ukishajifungua zinaachiwa kwa pamoja. Huanza mwezi wa pili au wa tatu, mwezi wa nne ndio hupamba moto, na mtoto akitimiza mwaka wengi huwa wamerudi kama zamani. Simama kwenye kioo, uvute nywele nyuma. Unaviona vinywele vifupi vilivyosimama kwenye kipaji? Hivyo vinaota. Dua isome, haigombani na maini na mchicha. Ila dawa za kuoteshea nywele ziache maadamu unanyonyesha, mpaka daktari akuruhusu.

Hali hii huwapata pia waliougua homa kali, waliopasuliwa, na waliojikondesha kwa haraka ili gauni la harusi liwakae. Nywele hazitoki wiki ileile, hutoka miezi miwili mitatu baadaye, mtu keshasahau kama aliugua. Kwa hiyo usiilaumu shampuu ya juzi, hesabu nyuma.

Juu ya masikio na kwenye kipaji nimebaki na mapanja kama mzee wa kiume. Nasuka rasta mfululizo, na juu nafunga ushungi. Shangazi yangu anasema ushungi ndio unaonimaliza. (Msichana, Kwahani)

Mwambie shangazi ushungi hauna kosa, kosa ni kubana. Rasta ndefu nzito zinavuta mzizi mchana na usiku, halafu unazikusanya fundo moja kisogoni, juu yake kikofia cha ndani kinachokaza palepale kwenye kipaji. Ukitoka kusukwa na vipele vidogo vimekupanga kwenye mstari wa nywele, kichwa hukiwezi kukilaza kwenye mto, unatafuta panadol, basi msusi kakuumiza, hata kama kazi yake inapendeza. Fumua siku hiyohiyo. Najua umelipa; fumua.

Ukiwahi, zinaota tena. Ukiendelea miaka, mzizi unakufa, ngozi inabaki nyororo, na hapo hakuna mafuta yatakayosaidia. Pumzisha kichwa miezi kadhaa. Ukisuka tena, omba mistari ya mbele iachwe bila kuvutwa, na usiweke dawa ya kulainisha kisha ukasuka wiki hiyohiyo. Fundo lihamishe, leo chini, kesho ubavuni. Na ukioga, zikaushe kabla ya kufunga mtandio, maana nywele mbichi hukatika upesi.

Nina miaka 31, sijazaa. Zimekuwa nyembamba kichwa kizima. Nikipanda ngazi za skuli moyo unanienda mbio. (Mwalimu, Chake Chake)

Hapa sitazami nywele, natazama damu. Siku zako ni nzito? Kapime wingi wa damu, akiba ya madini ya chuma na tezi ya shingo. Sisitiza hiyo akiba, kwani damu inaweza kuonekana sawa na akiba imekwisha. Vidonge vya chuma usinunue kwa kukisia. Na chai ya rangi iache mbali na chakula, walau saa moja, kwani huzuia chuma kisiingie mwilini. Ndimu juu ya dagaa inakisaidia. Kama hedhi inaruka miezi na ndevu zinaota kidevuni, mwambie daktari na hilo.

Maji ya karafuu yanaotesha? (Konde)

Sijaona uthibitisho wa kunitosha. Mafuta ya karafuu yasiyochanganywa yanaunguza ngozi, hayo usiguse. Na piko, ile rangi nyeusi ya kupaka, nayo si hina, mwanangu. Ni rangi ya kemikali, na kuna wanaovimba uso kwayo.

Mama ana miaka 58. Njia ya katikati inapanuka kila mwaka. (Mkoani)

Kama mstari wa mbele umebaki na nywele zinapungua juu tu, mara nyingi ni urithi na umri. Minoksidili, dawa ya kuoteshea nywele, ile ya kupaka husaidia wengi, lakini inataka miezi minne hadi sita, mwanzoni nywele huweza kutoka zaidi, na ukiacha faida inaondoka. Lakini muulize kama utosi unamuwasha au unachoma. Kama ndiyo, na ngozi inang'aa bila vitundu, apelekwe kwa daktari wa ngozi mapema, kwani ugonjwa huo unaacha kovu.

Nina kiduara kitupu kama shilingi. Na binti yangu mdogo anacho. Nimemuambukiza? (Makunduchi)

Chako kama ni laini, hakina magamba wala hakiwashi, huenda ni kinga ya mwili inayoshambulia mizizi, na hiyo haiambukizi. Cha mtoto kitazame vizuri. Kikiwa na magamba na nywele zilizokatikia chini, ni mapunye. Yanataka dawa ya kumeza, krimu peke yake haifiki kwenye mzizi. Kagua na vichwa vya ndugu zake, na kila mmoja awe na kitana chake.