Weka chini hiyo flashi, usipige Windows upya!

Mkuu, subiri. Umesema kibodi haiandiki mpaka ukandamize herufi kwa muda, ukigusa harakaharaka inakaa kimya, na fundi kakwambia "Windows imekufa, tupige upya," yaani aifute na kuiweka tena. Hapo ndipo damu iliponichemka, maana maneno hayohayo niliambiwa mimi, nikayameza bila hata kutafuna.

Kibodi yako haijafa. Kwa dalili hizo, nina hakika karibu yote kwamba umewasha Filter Keys bila kujua. Ni kitu kilichomo ndani ya Windows yenyewe, kimewekwa kwa ajili ya watu ambao mikono inatetemeka: herufi iliyoguswa kidogo tu haihesabiwi, inahesabiwa ile iliyoshikiliwa. Kwao ni msaada mkubwa. Kwako wewe usiyekijua ni kama jini limeingia kwenye mashine. Na njia ya kukiwasha ni rahisi mno: shikilia Shift ya kulia kwa sekunde nane, basi.

Mimi nilikuwa naandika tasnifu. Kidole kimelala juu ya Shift ya kulia, nasubiri sentensi ije kichwani nianze na herufi kubwa. Sentensi haikuja, kikaja kidirisha kinaniuliza jambo. Nikabofya "Yes", kama ninavyobofya "Yes" kwenye kila kitu tangu nizaliwe.

Kibodi ikafa. Nikanunua nyingine ya kuchomeka kwa USB. Nayo ikafa vilevile! Hapo mtu mwenye akili angejiuliza: kibodi mbili, moja imetoka kwenye boksi leo, zinaumwaje ugonjwa mmoja? Mimi nikaenda kwa fundi. Fundi akabonyeza mara tatu, akatikisa kichwa kama daktari anayeleta habari mbaya, akasema tupige Windows. Nikamuuliza kuhusu mafaili yangu. "Usiwe na wasi, D hatuigusi."

D, ile sehemu ya pili ya diski, kweli hakuigusa. Tasnifu ilikuwa Desktop. Mkuu, Desktop iko C, sehemu ileile inayokaa Windows! Kila unachokiona pale mbele ukiwasha mashine kinakaa C, na C ndiyo inayofutwa. Sura tatu, picha za miaka minne, vyote kwaheri. Na usiniulize kwa nini sikuhamisha kwanza. Nilidhani siwezi kwa sababu kibodi haifanyi kazi. Mausi ilikuwa nzima muda wote. Cheka tu, nimeshazoea.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba baada ya kupiga Windows kibodi ilipona, kwa sababu mpangilio ule ulifutika pamoja na tasnifu yangu. Kwa hiyo nikamshukuru yule bwana, nikamlipa, na nikamsifia kwa watu! Miezi miwili baadaye kidirisha kikarudi, safari hii nikakisoma. Nilikaa kimya mbele ya ile skrini kwa muda mrefu sana. Fundi anayelipwa kwa kazi hiyo hakujua kitu kilichomo humo tangu Windows 95.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja: kabla hujafungua mashine, kabla hujanunua kibodi, kabla hujafuta chochote, Windows + U. Hapo hufunguka ukurasa wa mambo haya yote. Kwa hali uliyo nayo sasa, shikilia kitufe cha Windows, halafu ikandamize U usiiachie haraka. Ikikataa, ingia kwenye Settings kwa mausi, tafuta Accessibility (Windows 10 wanaiita Ease of Access), kisha Keyboard, uzime Filter Keys. Ukiwa hapohapo zima na ile njia ya mkato ya Shift, isikurudie. Kama hakuna mtu nyumbani anayeihitaji, lakini.

Ulitaja pia mama yako na maandishi madogo. Windows na alama ya kujumlisha, skrini inakuza; Windows na Esc, inarudi. Usishushe resolusheni (idadi ya nukta za skrini), herufi zinakuwa na ukungu.

Turudi kwenye kibodi yako: kabla ya hiyo Windows + U, anza na Shift ya kulia kwanza, maana kuishikilia tena kunazima. Hesabu nane taratibu. Mimi kwa pupa nilikuwa naachia kwenye sita, nikadhani hata hiyo nayo imekufa. Ukisikia mlio, rudi hapa useme. Na huyo fundi wako mwambie asubiri.