Ndio mwanangu, ningekubali akae benchi

Mwanangu,

Nimeipata meseji yako, uliuliza hivi: "Mama, we ungekua ndo mama yake Roki Sasaki, yule mrushaji wa besiboli wa Japani, siku ile ya fainali ya shule, ungekubali kocha amuweke mwanao benchi mechi nzima?" alafu ukaongeza kwamba wewe usingekubali hata kidogo, kwamba kocha alimuibia kijana siku yake. Nimeona nikujibu kwa urefu manake hili jambo nimeliwaza sana tangu mwaka ule, na jibu langu ni ndio, ningekubali, tena ningeenda kumshukuru yule kocha mbele za watu.

Tukumbushane kwanza ilikuaje. Ofunato, shule aliyosoma Sasaki, ni ya serikali tu, iko Iwate, kaskazini mashariki ya Japani, pwani ile iliyopigwa na tsunami mwaka 2011. Sasaki alikua na miaka tisa, tsunami ikamchukulia baba yake na babu na bibi, mama akabaki na watoto wa kiume watatu. Alipofika umri wa sekondari angeweza kwenda shule kubwa za binafsi zenye timu kali za besiboli, hakwenda, akabaki na marafiki zake aliokua nao. Aprili 2019 kwenye kambi ya vijana wa taifa akarusha mpira wa kilomita 163 kwa saa, na hapo ujue hata Ohtani, yule nyota wa Japani anayecheza Marekani, akiwa mwanafunzi alifikia 160. Sasa nchi nzima ikawa inamwangalia, na Ofunato hawakuwahi kufika Koshien tangu 1984. Koshien unaijua we mwenyewe, mashindano ya taifa ya shule kwenye uwanja wa jina hilo hilo, kule kijana wa shule anacheza mbele ya taifa zima, wengine ndo mwisho wao wa kucheza na wanalia wakichota udongo wa uwanja waende nao nyumbani.

Haya, Julai ikafika, mashindano ya mkoa, bingwa ndo anaenda Koshien. Tarehe 21 Sasaki alirusha mipira 194, inningi 12 (vipindi vya mchezo, kawaida ni 9), na mwishoni akashika bati mwenyewe akapiga mpira ukavuka ukuta wakashinda. 194 mwanangu! Muongozo wa ligi kuu ya Marekani kwa vijana wa miaka 17 na 18 unasema isizidi 105 kwa siku, na baada ya hapo apumzike siku kadhaa. Tarehe 24 kwenye nusu fainali akarusha 129. Kesho yake ndo fainali, na wapinzani ni Hanamaki Higashi, shule aliyosoma Ohtani. Kocha akampa mpira kijana mwingine ambaye hakuwa amerusha kabisa kwenye mashindano yale, Sasaki akakaa benchi mwanzo mpaka mwisho, hata kupiga hakuingizwa wakati ni mpigaji wao tegemeo. Wakafungwa 12 kwa 2. Shule ikapigiwa simu za matusi, watu wakagawanyika mpaka wachezaji wa zamani wakabishana hadharani. Kocha akasema ameamua yeye, ni kuzuia kijana asiumie. Na Sasaki akasema alitaka kucheza.

Hapo kwenye "alitaka kucheza" ndo wewe umeng'ang'ania, na mi hapo hapo ndo nasimama upande wa kocha. Bila shaka alitaka! Hakuna kijana wa miaka 17 duniani utakayemuuliza asubuhi ya fainali "bega lako likoje" akakujibu limechoka, atakwambia liko poa tu hata kama kuinua mkono kuchana nywele ni shida, na akisema limechoka anaona kama amewasaliti wenzake aliokua nao tangu wadogo. Kwa hiyo kumuuliza yeye ni kumbebesha mzigo usio wake. Lazima awepo mtu mzima wa kusema hapana alafu akubali kuchukiwa. Simu zile za matusi zilimlenga kocha, hazikumlenga mtoto, na mi kama mama hilo tu lingetosha kunifanya nimheshimu mpaka leo.

Alafu tuongee kuhusu mwili wenyewe, manake watu wanadhani kuumia ni bahati mbaya. Bega na kiwiko cha kijana anayekua kuna sehemu za mfupa bado laini, hazijafunga, na pale kwenye kiwiko upande wa ndani kuna kano moja ndogo ambayo kila mpira wa kasi unaivuta karibu na mwisho wa uwezo wake. Misuli ikiwa safi inasaidia kubeba, ikichoka mzigo wote unaangukia kano. Kuna utafiti wa Marekani uliolinganisha vijana warushaji waliofanyiwa upasuaji na wasiofanyiwa, wale waliokua wanarusha mara kwa mara huku mkono umechoka walikua na uwezekano mara 36 wa kuwa kwenye kundi la upasuaji. Sio mara mbili wala tatu. Na Sasaki anarusha kwa kasi ya watu wazima kwa mwili ambao ulikua haujamaliza kukua, hiyo ni hatari kuliko ya kijana wa kawaida.

Najua utanitajia Matsuzaka, mrushaji mwingine wa Japani, kwamba 1998 akiwa shule alirusha mipira 250 kwenye inningi 17 dhidi ya shule ya PL Gakuen huko Koshien na bado kwenye fainali hakuna aliyempiga hata mpira mmoja wa maana, akaenda ligi kuu, akachukua ubingwa wa Marekani na Boston 2007. Kweli kabisa, na 2011 akapasuliwa kiwiko. Siwezi kukwambia kiwiko kiliharibika sababu ya siku ile, hakuna anayeweza. Ila we unamtaja Matsuzaka kwa sababu alifika, wale ambao mkono ulikufa wakiwa shule hatuna majina yao, hao hatuwataji kwenye mabishano. Na wenyewe Japani waliona, 2018 kulikua na kijana mwingine, Kosei Yoshida wa Kanaashi Nogyo, alirusha mipira 881 kwenye Koshien moja. Miezi michache baada ya ile fainali ya Sasaki shirikisho la shule likaweka kikomo cha mipira 500 kwa wiki. Mi naona hata 500 ni mingi sana, lakini kabla yake hakukua na kikomo chochote.

Sasa angalia alivyoenda. Kwenye drafti ya Oktoba 2019, pale timu za kulipwa zinapochagua vijana, timu nne zilimtaka, ikachezeshwa bahati nasibu, Chiba Lotte Marines wakampata. Na wao wakafanya nini? Mwaka mzima wa 2020 hakurusha mechi hata moja, sio ya wakubwa wala ya akiba, walizunguka naye na timu ya kwanza wakimjenga mwili tu. Fikiria timu imemgombania mtu alafu inamweka mwaka mzima bila kumtumia! 2021 Mei ndo akaanza, na ushindi wake wa kwanza aliupata Koshien, pale pale, mechi dhidi ya Hanshin ambao ndo wenye uwanja.

Aprili 10, 2022 akarusha ile mechi kamilifu dhidi ya Orix, wapigaji 27 hakuna aliyefika hata besi ya kwanza (kituo anachokimbilia mpigaji), 19 kati yao kawatoa kwa straiki, yaani wametoka bila kuupeleka mpira uwanjani, kuna sehemu aliwatoa 13 mfululizo. Yeye ana miaka 20, kecha wake, anayedaka mipira yake, Matsukawa ana 18 ametoka shule juzi. Wa mwisho aliingizwa Sugimoto, ambaye mwaka uliotangulia ndo aliongoza ligi yao kwa kupiga mipira ya kuvuka ukuta, wakamtupia foku, ule unaokuja kama wa kasi alafu unazama ghafla, akapiga hewa. Mipira 105 tu mechi nzima. Mi nlipiga kelele peke yangu sebuleni.

Lakini mi naipenda zaidi mechi ya wiki iliyofuata. Amemaliza inningi ya 8, hakuna aliyefika besi tena, mipira 102, angeweza kupata mechi kamilifu mbili mfululizo, kitu ambacho hakijawahi kutokea, na kocha mkuu Iguchi akamtoa. Timu ikaja kufungwa 1 kwa 0. Ni uamuzi ule ule wa Ofunato, safari hii na mtu anayelipwa kushinda.

Utasema haya yote na bado 2025 baada ya kwenda Dodgers ya Marekani bega lilimsumbua akakaa nje miezi. Ndio, alisumbuka. Kutunzwa hakumaanishi hutaumia, mtu anayerusha 160 na zaidi yuko kwenye hatari siku zote. Ila lile bega lilipona bila kisu, Septemba akarudi, Oktoba akawa ndo anayeitwa kumalizia mechi na wakachukua World Series, ubingwa wa Marekani. Bega lililobaki na akiba lina pa kurudi.

Kitu kimoja tu nakukubalia, nacho ni wale wenzake. Wale wengine wa Ofunato hawakua na drafti inayowasubiri, siku ile ndo ilikua Koshien yao na ikaisha 12 kwa 2 huku mtu wao bora amekaa. Mama zao nao walikua jukwaani. Mimi ningekua mmoja wa hao mama sijui kama ningekua na moyo huu ninaoandika nao, na nadhani kocha alipaswa kuwaambia vijana wote mapema, kabla ya asubuhi ile, ili wajiandae pamoja.

Nijibu hapo kwa wenzake, ndo ninapotaka kusikia unasemaje, na usinipigie saa za mechi.

Mama yako