Jemu ya embe sukari kidogo imeota ukungu

Pole dada, hiyo jemu ya embe uliyopika kwa sukari kidogo ikaota ukungu kabatini, usikwangue juu ukala iliyobaki, mwaga yote. Ukipunguza sukari umepunguza na kinachoizuia isioze, kwa hiyo kabatini haikai kabisa. Ukipika tena chemsha chupa dakika 10, changanya embe mbivu na mbichi kidogo inasaidia kushika hata sukari ikiwa kidogo, kamulia ndimu, mimina ikiwa bado ya moto, ikipoa weka friji umalize ndani ya wiki 3 hivi, ya ziada tupia friza ila acha nafasi juu maana inatanuka. Jemu ya papai ndo usithubutu kuiweka nje ya friji, asidi yake ndogo mno. Na kwa vile umesema ni ya mama mwenye kisukari, muulizeni daktari kiasi, embe yenyewe ina sukari yake.