Maswali ya Wasomaji: Ziwa li karibu, bomba ni kavu

SWALI: Ndugu Mhariri, kila kiangazi kinapofika, bomba la kartie letu hukauka kwa majuma mawili au matatu, na bidoni ya lita 20 inayoletwa kwa chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili, hupanda bei. Inakuwaje mji ulio kando ya ziwa ukose maji? Tena, jirani yangu huwanywesha watoto wake maji ya mvua tu, akisema hayo ndiyo safi, ilhali meno yao yana madoa ya kahawia. Mimi niwape wanangu maji gani?
Mama wa watoto watatu, Ndosho, Goma

JIBU: Mama, ukame hauna lawama kubwa hapa. Ziwa Kivu lina kina cha mita zipatazo 485, na jua la kuanzia Juni hadi Agosti haliwezi kulimaliza. Tunachokosa ni nguvu ya kuyapandisha maji yake. Goma imejengwa juu ya mawe ya lava, ambayo hunywa mvua mara inyeshapo, hivyo hatuna mto wa kutegemea, na maji ya bombani hayana budi kusukumwa kwa mashine kutoka ziwani hadi kwenye matangi yaliyo juu. Umeme ukikatika mashine husimama, na mitaa iliyo mbali na ziwa, kama wako, ndiyo hutangulia kukauka. Kiangazi huongeza msongamano tu, kwa kuwa matangi ya mvua ya majumbani yakiisha, wote hukimbilia bomba moja.

Jirani yako anastahili maelezo marefu zaidi, maana wengi tunaamini kama yeye. Mvua inayopita katika moshi wa volkano ya Nyiragongo huokota floridi, aina ya madini, na mtoto anayeinywa kwa wingi wakati meno yake yangali yakijiunda ndani ya ufizi huweza kuota meno yenye madoa kama hayo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza floridi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Kama ndiyo chanzo cha madoa uliyoyaona, atakayethibitisha ni mganga wa meno. Lakini mwambie jirani kwamba klorini, dawa ya kuulia vijidudu majini, haiondoi floridi, na kuchemsha huizidisha, kwa sababu maji hupungua nayo hubaki sufuriani. Maji hayo ayatumie kufulia na kupigia deki, yasiwe kinywaji pekee cha watoto mwaka mzima.

Maji ya ziwa nayo yasikudanganye kwa uangavu wake. Mwaka 1994 kipindupindu kiliua maelfu ya wakimbizi kandokando ya mji huu katika majuma machache, na ugonjwa huo haujatuhama. Tia klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa au pakiti, kisha ungoje dakika 30 zote bila kupunguza, kwani maji ya Kivu yana pH (kipimo cha asidi na magadi) ya karibu 9, yaani ya upande wa magadi, na katika maji ya namna hiyo dawa hufanya kazi polepole. Bidoni iliyotiwa dawa ufukoni huwa imekwisha kungoja njiani kabla ya kufika Ndosho. Wanaokaa jirani na ziwa ndio hunywa mapema mno. Klorini ikikosekana, chemsha hadi yatokote kabisa. Kwa mwinuko wetu maji hutokota kwenye nyuzi 95 hivi, nalo ni joto la kutosha kuua vijidudu vya kipindupindu.