Barua kwa mwanangu: kilichoikuza shule ya babako

Mwanangu mpenzi,

Ile voisi yako ya jana nimeisikiza mara mbili. Umeniuliza shule ya babako ya udereva ilikuaje mpaka ikafika hapa ilipo, kwa sababu umeona ofisi ya kukodi pale Mtwapa, unataka kufungua tawi, na hujui uanze na gari mpya au uanze na matangazo ya Facebook. Nakujibu kwa kuandika manake kwa simu nitasahau nusu.

Anza na mwalimu, mwanangu. Nakwambia hivyo kwa vile nimeona kwa macho yangu.

Babako alipoanza, mwanzoni mwa miaka ya tisini, alikuwa na Datsun 120Y moja ambayo fundi alikuwa ameitia pedali za pili upande wa kushoto, na chumba nyuma ya duka la mtu huko Saba Saba. Ndani meza ya mbao imechorwa barabara na raundabauti, na vigari vya watoto vya kusukuma kwa kidole, ile bodi ambayo hata leo mtahini anakuwekea kigari anakwambia toka hapa nenda pale, utashika leni gani. Ndiyo mali yote hiyo. Mwenye pesa zake alienda AA, kile chama cha wenye magari chenye shule zake za udereva, wale wako tangu 1919, sasa kwetu angefuata nini?

Watu walimfuata yule mzee. Wewe ulikuwa mdogo sana, humkumbuki vizuri, alikuwa ameendesha mabasi ya KBS hapa Mombasa kabla babako hajamchukua. Mimi nilikuwa nakaa kiti cha nyuma namwangalia anavyofundisha. Pale barabara inapopanda kuingia Nyali Bridge gari inazima, nyuma matatu zinapiga honi, mwanafunzi jasho linamtoka mpaka mikono inateleza kwenye usukani, na mzee hapapatiki, hapigi kelele, mguu wake uko kwenye breki yake, anasema taratibu tu, "Wacha wapige. Hendibreki. Nyutro. Washa." Halafu anamwambia aachilie klachi polepole mpaka asikie gari inainua pua, ndo ashushe hendibreki. Na kesho anamrudisha hapo hapo, na kesho kutwa pia, mpaka aondoke bila gari kurudi nyuma hata kidogo. Mtu kama huyo akifika nyumbani anawaambia ndugu zake, majirani, wenzake wa kazini, na wiki inayofuata ushaona wawili wengine mlangoni wanamuuliza mzee kwa jina.

Kisha nikachukua leseni ya instrakta mimi mwenyewe, na hapo ndo shule ilipopanuka kweli. Kulikuwa na wanawake wengi wa mjini waliotaka kujua gari, lakini kujifungia garini na mwanamume asiyemjua hataki, na hata akitaka yeye mumewe hataki. Waliposikia kuna mwalimu wa kike walikuja na mabuibui yao asubuhi wakishapeleka watoto shule, darasa likajaa, na gari ya pili ilinunuliwa kwa ada zao. Hilo najivunia mpaka leo na sioni haya kulisema.

Mengine yalipita haraka. Kanuni za Michuki za 2004, zile za kunyoosha matatu, zilipoanza vijana wa matatu wakaja kutafuta makaratasi yaliyokamilika, ndo tukaleta Canter, lori dogo la kujifunzia. Halafu ikaja sheria ya NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, ya 2012, kubuk testi kukawa kwa mtandao, kwanza TIMS na siku hizi eCitizen, na kile kitabu chekundu cha leseni kikaanza kupisha smati kadi 2017. Tukaajiri msichana wa kompyuta, basi. Kuna shule za hapa jirani zilizokuwa zinamwambia mtu lipa tu, usijisumbue kuja, leseni utaipata. Zilijaa msimu mmoja kisha mabango yakateremshwa, na waliolipa wakaja kwetu kuanza upya, na baadhi yao walikuwa tayari wanaendesha gari na watoto wao ndani bila kujua kupita raundabauti. Nilikuwa nikiwaza hilo usiku nashindwa kulala.

Kuhusu gari, ni kweli utahitaji ya auto, ile inayobadilisha gia yenyewe, magari ya Japani yanayoshuka bandarini hapa, yale yasiyozidi miaka 8, karibu yote ni auto na watu wa Mtwapa wanajinunulia wenyewe. Lakini weka na manyuwali moja, ile ya klachi na gia za mkono, kijana anayetafuta kazi ya lori leseni ya auto haimfikishi. Gari lakini utapata mkopo ununue siku yoyote, mwalimu mzuri utamtafuta mwaka mzima na ukimpata mlipe mshahara wa mwezi, usimlipe kwa kichwa cha mwanafunzi, manake akilipwa kwa kichwa atawaharakisha.

Hapa kwetu kuna instrakta wa kike anayekaa Shanzu, jirani na hapo Mtwapa, kila siku anavuka mji mzima kuja kazini. Nimeshamgusia habari ya Mtwapa na hakukataa. Njoo Jumamosi asubuhi, ukae kiti cha nyuma akiwa na mwanafunzi wa siku ya kwanza, umtazame mpaka wamalize. Kodi ya hiyo ofisi usiilipe kabla ya hapo.

Mamako