Kiraka kibovu hukataliwa kwa hoja, hakihitaji matusi

Mleta mada anadai ukali wa Linus Torvalds, mwanzilishi wa mfumo endeshi wa Linux, ndio ulioijenga Linux, na kwamba ustaarabu wa siku hizi utashusha ubora. Mkuu, umechanganya kukataa kazi (kiraka, yaani badiliko la msimbo) na kumtukana mtu.

Chukua ile barua pepe ya Linus ya Desemba 2012. Mtunzaji mmoja wa kerneli (kiini cha Linux), yaani msimamizi wa sehemu ya msimbo wake, alipitisha badiliko lililofanya ioctl (njia ya programu kuagiza kifaa) irudishe kosa la ENOENT, programu za sauti zikavurugika, naye akailaumu PulseAudio, programu inayoendesha sauti. Linus akawaka. Isome ukiruka matusi: ENOENT maana yake faili au saraka haipo, na ioctl huitwa kwenye kifaa ambacho tayari kimefunguliwa. Sasa kipi hakipo? Kisha kanuni: kerneli ikivunja programu iliyokuwa inafanya kazi, kosa ni la kerneli. Hoja hizo mbili zingetosha kumrudisha yeyote kwenye mstari.

Kinachochuja kweli ni lango. Kiraka kinapita checkpatch.pl (kikagua mtindo), get_maintainer.pl inakuonyesha umtumie nani, kinakaa linux-next (tawi la majaribio) roboti zikikijaribu, dirisha la kuunganisha mabadiliko mapya linafunguliwa wiki 2, halafu toleo la majaribio (rc) kila wiki hadi rc7 au rc8. Septemba 2018 Linus aliomba radhi kwa lugha yake akapumzika. Greg Kroah-Hartman, mtunzaji mwenzake, akatoa Linux 4.19 tarehe 22 Oktoba kwa utaratibu uleule. Na matusi yana bei yake: Sarah Sharp, aliyeandika kiendeshi cha USB 3.0, alieleza hadharani mwaka 2015 kwamba lugha ile ndiyo iliyomwondoa.

Tena ukali unaweza kuwa silaha ya mhalifu, jambo ambalo wapenda matusi hawaligusi. Kwenye xz, zana ya kubana faili, mwaka 2022, akaunti zisizojulikana zilimsakama mtunzaji aliyekuwa amechoka kwamba anachelewesha mradi, apishe wengine. Aliyejiita Jia Tan akakabidhiwa mamlaka, na matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya 2024 yakatoka na mlango wa siri. Mhandisi wa programu Andres Freund aliugundua kwa sababu kuingia kwa ssh (njia ya kuingia kompyuta ya mbali) kulichelewa kama nusu sekunde.

Ukikagua, tuseme msimbo unaomba kumbukumbu kwa kmalloc bila kuangalia kama imenyimwa (NULL), kuwa mkali hivi: "Mstari wa 214, kmalloc ikirudisha NULL bado unaitumia kwenye 219. Achia kufuli, rudisha -ENOMEM. Sipokei kabla ya hapo." Mtu hana pa kujitetea, na anajua toleo la pili liweje. Ukiandika "takataka" tu, atabadilisha vitu kwa kubahatisha, na wewe utasoma v2, v3, v4 za kosa lilelile.

Kama muundo mzima ni mbovu, sema hivyo kwenye v1. Kumsahihishia mtu nafasi na majina ya vigezo raundi tano, kisha ukakataa wazo lenyewe, ni ukatili kuliko tusi lolote, hata ukianza kila barua na "asante sana".